Jeti Mbili za Gari la Samaki

Juzi nilisimama Kondele nikimngoja mjukuu wangu atoke dukani, gari dogo la silinda nne likapita likinguruma mpaka muuza nyanya akaziba masikio. Dereva alisimama karibu nami, kijana msafi, kofia imegeuzwa nyuma. Nikamwuliza, "Umeongeza nini hapo?"

"Sailensa spesho, Mzee. Sasa iko na pawa."

"Mlima inapanda?"

Akacheka. "Mlima sijajaribu."

Basi nawaandikia nyinyi mnaonunua kelele mkidhani ni nguvu. Sina ugomvi na kelele. Nami niliwahi kuipenda, ila kwetu ilikuwa bure, maana mabomba ya ekzosti yalikuwa yameoza yenyewe. Nilikuwa fundi wa magari hapa Kisumu miaka mingi, na ile ninayoikumbuka sana ni ya mwanzo, baada ya Uhuru, tulipokuwa na magari ya Kiingereza yaliyochoka, injini za silinda nne, na mfuko mtupu. Turbo hatukuijua hata kwa jina. Aliyetaka gari lake liende zaidi alipata tupa, msasa, akili ya fundi na sala.

Karakana ilikuwa ya Mzee Odera. Mzee huyo alijifunza kazi bandarini, kwenye mashine za meli za ziwani, na alipotoka huko alikuja na masikio ambayo sijayaona kwa mtu mwingine tena. Alikuwa mfupi, mkimya, shati limefungwa vifungo hadi shingoni hata kwenye jua la Februari. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyowahi kumwambia. Alikuwa na neno moja kwa kila mteja aliyekuja kutaka nguvu: "Kwanza turudishe yako. Halafu tuombe ingine."

Maana yake, gari huzaliwa na nguvu zake na kuzipoteza njiani. Kabla hujaongeza kitu, inua gurudumu moja moja kwa jeki ulizungushe kwa mkono. Likigoma, breki inashika, na wewe unapanda mlima umekanyaga breki bila kujua. Jaza upepo kwenye matairi. Pima nafasi za tapeti, zile zinazofungua valvu, injini ikiwa katika hali ambayo aliyeitengeneza alisema, moto au baridi, usichague wewe. Safisha pointi za distributa, kifaa kinachopangia plagi wakati wa kutoa moto. Siku ya kwanza kazini nilicheka mambo hayo kimoyomoyo, nikayaona ni kazi ya ufagio. Jioni ya siku hiyo hiyo tulimrudishia mwalimu mmoja gari lake, akaliendesha hadi Otonglo na kurudi, akashuka akiuliza tumemwekea injini ya nani. Hatukuwa tumemwekea hata skrubu mpya.

Baada ya hapo ndipo inakuja kazi ya tupa. Kati ya hedi, kifuniko cha juu cha injini, na manifoldi, mabomba yake ya hewa na moshi, kuna gasketi, na mara nyingi matundu ya vyuma hivyo viwili hayalingani. Moshi na hewa vinajikwaa kwenye ukingo. Unapaka gasketi grisi, unaibandika, unachora ukingo kwa msumari, unakula chuma kidogo kidogo mpaka tundu lilingane na tundu. Ni kazi ya subira, na mimi ujanani nilikuwa na nguvu nyingi kuliko subira. Hedi ya kwanza niliyopewa niliipenda mno. Nilitaka ing'ae ndani nijione sura. Nikala chuma, nikala, nikiimba, hadi tupa ikatokea upande wa pili kwenye njia ya maji. Mzee Odera aliweka jicho kwenye lile tundu, akaniangalia kupitia hapo hapo.

"Nyathina," aliniita, yaani mwanangu, "hewa haina macho. Hiyo kioo ulikuwa unamwekea nani?"

Hedi ile ilining'inia ukutani juu ya meza yangu mwaka mzima. Kila mteja aliyeuliza ni ya nini aliambiwa ukweli.

Ekzosti tulizikunja wenyewe. Bomba likikunjwa likiwa tupu linabonyea, moshi unasongwa. Sisi tulilijaza mchanga wa ziwa kutoka Dunga, tukaziba ncha kwa mbao, tukalipasha moto jekundu na kulikunja taratibu, nalo likabaki duara zuri. Lakini mchanga lazima uukaange kwanza kwenye bati mpaka ukauke kabisa. Ukiwa na unyevu, maji yanageuka mvuke ndani ya bomba, na ile mbao ya kuziba inaruka kama jiwe la kombeo. Fundi mwenzetu wa upande wa pili wa barabara alisahau mara moja. Mbao ilipita kwenye dirisha la kinyozi, na mtu aliyekuwa kwenye kiti akaenda nyumbani kichwa nusu.

Haya yote ni vitu vidogo na rahisi. Nawaeleza ili mjue tulikuwa na nini mkononi siku Mama Anyango alipotuletea gari lake.

Mama Anyango alikuwa mjane, mchuuzi wa samaki pale Dunga. Marehemu mumewe alimwachia gari kuukuu la mizigo, lile la mlango wa nyuma, silinda nne, rangi ya maziwa iliyoiva jua. Alijifundisha kuliendesha mwenyewe kwenye mchanga wa ufukweni, wavuvi wakikimbiza nyavu zao. Alikuwa akipeleka ngege wabichi Kericho, kwenye mashamba ya chai, ambako watu wetu wengi walifanya kazi na walikuwa na hamu ya samaki wa nyumbani. Shida ilikuwa mlima. Mpaka Awasi njia ni tambarare, gari lilikwenda. Baada ya Kipsitet linaanza kupanda, na hapo lilitoa moshi mweusi, likakohoa, likalala. Mara tatu lililala. Na samaki hamngoji fundi.

Kumbe kulikuwa na mtu aliyekuwa akihesabu kulala huko. Shemeji yake Mama Anyango, kaka mkubwa wa marehemu, Bwana Oluoch wa Asembo, alikuwa akisema gari la ndugu yake ni la boma, si la mwanamke kulichosha na samaki. Wazee wa ukoo walikaa, wakasikiliza pande zote, wakakata shauri. Gari likipeleka samaki Kericho bila kulala njiani mpaka mavuno, litabaki kwa mjane. Likilala mara moja tu, Oluoch alichukue.

"Mzee," alimwambia Odera, mkono juu ya boneti, "hii gari, hii nyamburko, ndio inalisha watoto wangu wanne. Ikienda Asembo, itakaa chini ya paa la yuora, huyo shemeji yangu, ikitagiwa na kuku. Mimi nitarudi kubeba karai kwa kichwa."

Hakulia. Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei, na ndiyo maana ilinichoma.

Mzee Odera alinipa gari lile mimi. Nilikuwa nimeshakuwa fundi kamili, nina mke na sanduku langu la spana, na sifa zilikuwa zimeanza kunipanda kichwani. Nilifanya kila nililofundishwa. Breki, tapeti, manifoldi, bomba la ekzosti. Tuliipunguza hedi kwa unene wa ukucha, ili injini ikaze hewa zaidi. Nilitoa mdomo wa hewa kwenye joto la injini nikauleta mbele kwa mpira mkuukuu wa radieta ya lori, ivute hewa ya baridi. Hewa ya baridi ni nguvu ya bure, vijana. Ishikeni hiyo.

Kisha Mzee akafanya lake. Kwenye kabureta kuna kipande kidogo cha shaba kiitwacho jeti, kina tundu jembamba, na petroli yote inayokwenda kwenye injini inapimwa na tundu hilo. Jeti ya gari lile ilipimwa kwao Uingereza, karibu na bahari. Huko Kericho hewa ni nyepesi, lakini jeti haijui. Inaendelea kumwaga petroli ile ile, injini inashiba kupita kiasi, inatapika moshi mweusi. Mzee alichukua jeti mbili, akaziba matundu kwa lehemu, akayatoboa upya kwa drili nyembamba aliyoizungusha kwa vidole, amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Moja aliifanya ya ziwani. Nyingine, yenye tundu jembamba zaidi, ya mlimani. Akaikwaruza ya mlimani mistari miwili, na kwenye distributa akachora alama mbili pia.

"Ukifika Kipsitet, simama. Weka ya mlima, sogeza distributa kwa alama ya pili," alimwambia Mama Anyango. "Ukirudi, hapo hapo Kipsitet, rudisha ya ziwa. Nati ni moja, iko nje, hata wewe unaweza."

Halafu akasafiri kwenda matangani kwao, akaniachia gari nilimalizie.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nililijaribu gari lile hapa mjini likiwa na jeti ya mlimani, tupu, bila mzigo, nikaona linaruka kama mbuzi. Nikarudi karakanani, nikaliacha lingurume taratibu huku nikinywa chai, ndipo nikafungua plagi. Zilikuwa na rangi nzuri ya hudhurungi, kama ngege aliyekaushwa kwa moshi, rangi ambayo Mzee alitufundisha kuitafuta. Nilisahau kwamba rangi hiyo husomwa gari likitoka mbio na mzigo, si likingurumia chai; nikajiambia mzee anapenda makubwa. Mama Anyango alipokuja nikamwambia, "Mama, usisumbuke kubadilisha kila siku. Hii ya mlima inatosha kote kote."

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Nilikuwa na ovaroli safi.

Siku tisa lilipanda Kericho bila kukohoa, na sifa zangu zikaenea Dunga nzima. Siku ya kumi, akirudi bila mzigo adhuhuri, kwenye tambarare ya Ahero, jua kali, amekanyaga mafuta hadi chini, injini ikaanza kugonga ti-ti-ti. Kisha silinda moja ikafa. Lori la miwa lilimvuta mpaka karakanani.

Mzee Odera alikuwa amerudi. Alifungua hedi yeye mwenyewe, hakuniruhusu kushika. Valvu moja ya ekzosti ilikuwa imeungua, ukingo umeliwa. Petroli kidogo, hewa nzito ya huku chini, moto wa plagi unaokuja mapema kwa ile alama ya pili: ndani mlikuwa jehanamu. Akatoa jeti, akaona mistari miwili. Akaniangalia. Akaiweka jeti mbele yangu, na heri angenitukana.

"Ni mimi," Mama Anyango alikuwa akisema kando. "Nilikanyaga sana. Nilitaka kufika mapema."

Kesho yake asubuhi Bwana Oluoch akafika na kamba ya kuvutia gari. Mtu mkubwa, bega pana, kitambi cha heshima, koti juu ya mkono. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia wote, akamwuliza mjane habari za watoto. Halafu akasema, "Maneno ya wazee iko wazi. Gari imelala."

Nilijua nikinyamaza, Mama Anyango angebeba lawama na gari lingekwenda. Nikisema, jina langu limekwisha, na huenda kazi pia. Nimeulizwa mara nyingi ni kazi gani ngumu kuliko zote niliyofanya kwa injini, nami hujibu ni sentensi ile.

"Bwana Oluoch, gari haina makosa. Mama hana makosa. Mzee alimwambia abadilishe jeti, mimi nikamwambia asibadilishe. Valvu nimeichoma mimi."

Oluoch akanitazama juu mpaka chini. "Wewe unamtetea tu huyu mama."

Mzee Odera akamtia ile valvu mkononi. "Hii haijui kutetea mtu. Angalia. Gari ilipanda mlima siku tisa, imeharibiwa na mkono ya karakana yangu. Mimi naomba siku moja. Alhamisi, njoo upande mwenyewe, na mzigo ndani. Ikisimama kabla ya Kericho, hapo hapo unaichukua. Isiposimama, maneno imekwisha."

Oluoch alifikiri. Haki aliipenda, hilo nampa. "Ayie. Nakubali. Nitakaa ndani mpaka isimame."

Siku mbili nilisaga valvu mpya kwenye kitako chake, nikizungusha kijiti kati ya viganja mpaka ngozi ikatoka. Mama Anyango alikaa kwenye ndoo akinitazama. Sikuweza kuinua macho.

"Ochieng'," aliniambia baadaye, "hii injini inahesabu nini ikipanda? Inahesabu samaki peke yake?"

"Inahesabu kila kitu, Mama. Hata spana iliyosahauliwa chini ya kiti."

Akainuka kwenye ndoo, na gari lilipokuwa tayari akaondoka nalo. Alhamisi alfajiri tulimkuta Dunga, akiwa ametoa kiti cha nyuma, gurudumu la akiba, na hata mlango wa kisanduku cha mbele. Na samaki wote alikuwa amewapasua matumbo na kuwatoa utumbo, akaacha mashavu mekundu ili mnunuzi aone wabichi. Wachuuzi wenzake walimcheka. Kwetu samaki mbichi aliuzwa mzima. Nani anunue ngege mtupu? Yeye akawapanga kwenye vikapu juu ya mafunjo yenye maji, akisema, "Utumbo hainunuliwi Kericho, na inaoza kwanza. Kwa nini niipandishe mlima?"

Mzee Odera alimwangalia muda mrefu. "Sisi mafundi tumekata chuma wiki mbili," akaniambia polepole. "Huyu amepata zaidi na kisu."

Tukaingia. Mama kwenye usukani, Mzee kando yake, Oluoch na mimi nyuma, tumechuchumaa kati ya vikapu. Kipsitet nilishuka nikabadilisha jeti na vidole vyangu vikaungua, nikasogeza distributa, na Mzee akaja akakagua, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwangu tangu mwaka wa kwanza. Kisha tukapanda. Gari liliimba, vijana. Gia ya tatu, moshi hakuna, malori ya chai tunayapita. Oluoch alitazama nje ya dirisha akiwa amekaza taya.

Mlima wa mwisho kabla ya Kericho ulitubana. Gia ya pili. Kasi ikashuka. Gia ya kwanza, na bado ikawa inashuka, mpaka mtoto aliyebeba kuni akawa anatembea sambamba nasi. Nilisikia injini ikihema na nikajua tumebakiza hatua chache.

Mama Anyango hakugeuka. "Nyinyi wanaume watatu, shukeni. Sisimami. Shukeni ikitembea."

Nikafungua mlango wa nyuma nikaruka. Mzee Odera akafungua wake, akashuka kwa utaratibu kama anatoka kanisani. Oluoch akabaki.

"Tulikubaliana nitakaa ndani."

"Yuora," Mama Anyango akasema, kwa heshima yote anayopewa shemeji mkubwa, "tulikubaliana gari ipeleke samaki. Wewe si samaki."

Nilitembea nyuma ya mlango uliokuwa wazi na nikaiona sura ya Oluoch. Mtu yule angeweza kukaa tu. Angekaa hatua kumi zaidi na gari lingekuwa lake, na hakuna mzee hata mmoja angemlaumu. Aliangalia vikapu, akaangalia mgongo wa mke wa ndugu yake, mabega yote mawili yameinama juu ya usukani. Akaweka koti begani, akashuka.

Gari lilijiinua mara moja. Sauti ikabadilika, Mama akatia gia ya pili, akakata kona kati ya chai na hatukumwona tena. Mzee Odera alivua kofia akasimama barabarani akisikiliza mpaka sauti ikaisha. "Haijasimama," akasema. Oluoch akaitikia, "Haijasimama." Sijawahi kumheshimu mtu mpinzani wangu kama nilivyomheshimu pale.

Lori la majani chai lilitubeba. Tulipofika sokoni tulimkuta Mama Anyango anaosha karai. Vikapu vilikuwa vitupu. Wanawake wa mashambani walibonyeza wale samaki waliopasuliwa, wakaona nyama ngumu, wakawamaliza kabla ya wachuuzi wengine kupanga wao. Oluoch aliinua kikapu kimoja, akakitikisa, akakirudisha chini taratibu.

"Nyar Asembo," akasema, akimwita binti wa kwao Asembo, kana kwamba alizaliwa huko, jina ambalo sikuwa nimemsikia akilitumia, "mimi nitarudi na nini?"

Mama akafuta mikono kwenye leso. "Kurudi ni mteremko, shemeji. Panda."

Oluoch akaushika mlango wa mbele. Mama akamwambia hapo ni pa Mzee Odera. Basi akazunguka, akapanda nyuma na vikapu, magoti kidevuni, tukashuka naye hivyo mpaka Kisumu, na habari ya gari ni la nani hakuitaja tena mpaka alipokufa.